Muulize Bibi Shamba: Mahindi yamekauka mara mbili, sasa nifanyeje?

Mbukwenyi wapendwa. Oktoba ndo hii, vumbi limetujaa mpaka kwenye chai na meseji zenu mwezi huu zimekuja nyingi kweli, nadhani kila mtu ameshaanza kuchungulia mawingu. Zote siwezi, nimechagua tano. Na yule aliyeomba nimtafutie mchumba mwenye zizi la ng'ombe, mwanangu, ukurasa huu ni wa shamba, ingawa hilo zizi naomba unielekeze maana samadi nahitaji.

*Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mtumishi, tulihamia Dodoma na ofisi nikanunua heka mbili Hombolo. Mwaka juzi nikalima mahindi yakakauka yako kwenye mbelewele, mwaka jana nikarudia yakakauka vilevile. Mke wangu ameshaanza kuniita mkulima wa picha. Natamani kilimo cha asili, mbolea za dukani na madawa sitaki, ila msimu wa tatu naogopa. Wapi naweza kujifunza na kuna msaada gani kwa watu kama sisi? – Mtumishi, Hombolo*

Marahaba mwanangu, pole, ila nimecheka na utanisamehe. Shamba lako liko Hombolo halafu unaniandikia mimi wa mjini kuuliza pa kujifunzia! Hapohapo Hombolo kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kazi yao kubwa ni haya mazao ya nchi kavu, mtama, uwele na wenzao. Wewe unapita na bodaboda kila Jumamosi unaenda kulia shambani. Jumatatu omba ruhusa kazini, nenda kaonane nao, huendi kuomba sadaka, ile ni ofisi ya umma na maswali yako ndo kazi yao.

Sasa kabla ya misaada tuseme ukweli kuhusu mahindi. Dodoma mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 mpaka 600, inaanza Desemba, Aprili inaaga, na hapo katikati mara nyingi Januari mwishoni au Februari inakatika wiki mbili hata tatu, jua la utosi. Wiki hizohizo mahindi yako ndo yanatoa mbelewele na hakuna kipindi mahindi yanachukia kiu kama hicho. Mtama ukikosa maji unakunja majani unasimama, unangoja, mvua ikirudi nao unaendelea na safari. Uwele ndo usiseme. Hao wazee waliokula ugali wa uwele kwa mlenda miaka yote hiyo hawakuwa wamekosa cha kula, walikuwa wanaijua ardhi yao. Waingereza walikuja hapo Kongwa mwaka 1947 na matrekta na mahela walime karanga kwa maelfu ya heka, hawakusikiliza mtu, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikawakimbia, 1951 mradi ukafungwa. Wewe na heka zako mbili unataka kushindana na anga?

Panda mtama. Ulizia mbegu ya Macia, ni mweupe, mfupi, unakomaa kama miezi mitatu na nusu hivi. Shamba likiwa na kiduha, ule mmea wa maua ya zambarau unaonyonya mizizi, ulizia Hakika au Wahe, hizo zilitolewa mwaka 2002 kwa ajili ya kuvumilia kiduha. Uwele kuna Okoa. Katikati weka kunde au choroko, zinafunika udongo na mboga ya majani unaipata mapema kabla ya nafaka. Mahindi kama yanakuuma sana moyoni basi weka kipande kidogo karibu na nyumba ya kuchoma, usiwekee matumaini ya mwaka.

Halafu kitu cha pili ambacho hakuna mtu anakiuliza, wote mnaniuliza mtaji, ni maji ya mvua yanayopita shambani kwako yakienda kwa jirani. Mvua za huku ni chache lakini zikija zinakuja kwa hasira, nusu saa tu korongo limejaa na shamba lako bado kavu chini ya inchi mbili. Hasa kama unaberega, yaani unafyeka, unachoma, unatupia mbegu bila kutifua. Kuna kijiji hapahapa Dodoma kinaitwa Chololo, huko ndo yametoka mashimo ya Chololo na ndiyo niliyotumia mimi. Chukua rula ya shule ya mtoto, ile ya sentimita 30. Shimo lina kina cha rula moja, upana wa shibiri yako moja. Kutoka shimo hadi shimo rula mbili, kutoka mstari hadi mstari rula tatu, na mistari ikate mteremko, isiufuate, hilo ndo kosa la kwanza la watu. Udongo unaoutoa unaupanga upande wa chini wa shimo uwe kama kitako cha kuzuia maji. Ndani unatia samadi iliyoiva viganja viwili, na majani makavu au mabua, mchwa watakuja kuyala na usiwaue, wanakutobolea udongo bure. Mvua ikinyesha kila shimo ni kikombe.

Kazi ipo, sitakudanganya. Heka moja inabeba kama mashimo 7,500. Ndo maana nakwambia anza na robo heka, mashimo elfu moja mia nane na kitu, wachimbaji wawili wenye nia wanamaliza kabla ya Desemba, na mashimo hayohayo mwaka ujao unayatumia tena, unayasafisha tu. Mwaka wangu wa kwanza mimi nilinunua lori la samadi, muuzaji simtaji, juu samadi chini mchanga, na hiyo samadi yenyewe ilikuwa mbichi bado inafuka moshi asubuhi. Nikaitia na haraka zangu. Mtama ukaota mwekunduu kama umeungua na kweli ulikuwa umeungua. Sasa hivi samadi naipokea mwezi wa sita, nailundika, nainyunyizia maji kidogo, naifunika kwa majani, naigeuza mara mbili tatu, Novemba haina hata harufu.

Ukivuna usichome mabua na usiyaache wazi, maana huku shamba likishavunwa mbuzi wa kijiji kizima wanajua ni lao. Ongea na mwenyekiti wa mtaa, ongea na wenye mifugo, au zungushia miiba. Na vile visiki vya miti shambani usiving'oe. Kuna programu inaitwa Kisiki Hai, inaendeshwa na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit toka 2018 vijijini huku kwetu, wanafundisha kuchagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu kwenye kisiki, mengine unakata, unaweka alama, mti unarudi wenyewe bila kununua mche hata mmoja. Mizizi tayari iko chini, inajua maji yako wapi kuliko mimi na wewe.

Kwa kilimo hai chenyewe kama somo, Morogoro kuna SAT, Kilimo Endelevu Tanzania, wapo toka 2011 na wana kituo cha mafunzo Vianzi, mnalala hukohuko mnafundishwa kwa mikono. Likizo yako moja inatosha. Na usione aibu kusema ofisini kwako unalima kilimo hai, serikali yenyewe ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai hapahapa Dodoma Novemba 2023. Utabiri wa msimu TMA, watu wa hali ya hewa, wanautoa kipindi hikihiki, usome, usisubiri kuambiwa na bodaboda. Nane Nane ya Nzuguni umeshaikosa mwaka huu, mwakani usiende kula nyama choma tu, nenda kwenye vipando ukaangalie mtama uliosimama, uliza mbegu gani, piga picha.

*Bibi mambo, sisi ni wadada saba wa Chamwino tumemaliza chuo hamna ajira, tunataka kulima mboga za asili na kufuga kuku wa kienyeji. Tunasikia kuna hela za halmashauri na kuna BBT. Zinapatikanaje? Tukope shilingi ngapi? – Saba*

Poa tu wajukuu zangu, ila mngesema shikamoo mngepungukiwa nini.

Hela zipo. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Zilisimamishwa 2023 wakarekebisha utaratibu, zikarudi Julai 2024. Mlango wenu ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, siyo yule kaka anayejifanya anamjua mtu halmashauri na anataka elfu hamsini ya fomu. Mnasajili kikundi, mnakuwa na katiba, akaunti ya benki ya kikundi, andiko la mradi, maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Kama wengine wenu mnakaa upande wa Jiji mjue kwamba Jiji la Dodoma liliwekwa kwenye halmashauri 10 za majaribio ya kupitisha hizi hela benki, kwa hiyo ukielekezwa benki usidhani unazungushwa.

BBT ni nyingine kabisa, ile ni ya Wizara ya Kilimo, Jenga Kesho Iliyo Bora, ya vijana 18 mpaka 40, wanaingia mafunzoni kwanza halafu wanapelekwa kwenye mashamba makubwa ya pamoja kama Chinangali ambalo liko wilayani kwenu. Dirisha la maombi halifunguliwi kila siku, ni tangazo likitoka ndo mnakimbia. Kusubiri tangazo bila kulima chochote sishauri.

Mkope shilingi ngapi, hapo ndo nataka mnisikilize. Kopeni kitakachowauma kidogo. Nimeona kikundi kimepewa milioni za kutosha, wakajenga banda zuri la tofali, wakanunua kuku mia tatu siku moja, chanjo ya mdondo hawakutoa, wiki tatu baadaye walikuwa wanafukia kuku kwa koleo, na marejesho yako palepale. Anzeni na kuku ishirini wa mtu mnayemjua, chanjo ya mdondo mwulizeni afisa mifugo wa kata, ya matone ya macho ni rahisi na kila miezi mitatu mnarudia. Ile mboga mkiotesha kwenye viroba karibu na nyumba kinyesi cha kuku kilichoiva kinarudi humohumo. Angalieni maji tu, visima vingi vya huku vina chumvi, onjeni kabla ya kupanda, yakiwa na chumvi kaeni na mchicha na spinachi, maharage msijisumbue. Mkishauza miezi sita na kuandika kila shilingi kwenye daftari, hilo daftari ndo andiko lenu, mtamshangaza afisa.

*Shikamoo Bibi. Nakausha mlenda na majani ya kunde, na nasaga ubuyu, nauza Majengo kwenye vifuko. Kuna mwenye mgahawa anataka oda ya kila mwezi ila anasema lazima iwe na nembo. Nembo gani sasa? Na ile ya kilimo hai naipataje? – Mama Ubuyu, Chang'ombe*

Marahaba mama, hongera, hii barua imenifurahisha kuliko zote.

Anayotaka yeye ni ya TBS, shirika la viwango. Usiende huko moja kwa moja, anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo hapa Dodoma, wana mafunzo ya usindikaji na ndo wanaokutambulisha TBS kama mjasiriamali mdogo, na kwa njia hiyo gharama ya alama miaka ya mwanzo serikali inakubebea. Watakuja kuangalia unapofanyia kazi. Hapo sasa, kama unakaushia kwenye turubai pembeni ya barabara na kuku wanakatiza, acha leo. Majani ya mboga kausha kivulini penye upepo au kwenye kaushio la jua lenye neti, yanabaki kijani na hayapati mchanga. Ule mlenda unaokwaruza meno, mteja ananunua mara moja tu. Ubuyu usiupike, twanga uchekeche ukiwa mkavu, vitamini C yake haipendi moto. Kwenye paketi andika jina, uzito, umetengenezwa lini, mwisho wa matumizi, na wapi.

Nembo ya kilimo hai ni Kilimohai, iko chini ya TOAM, umoja wa watu wa kilimo hai nchini, wanaofuata kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007. Kwa mtu mmoja ukaguzi wa makampuni ni ghali, lakini kuna mfumo wa wakulima kukaguana wenyewe kwenye kikundi, mnatembeleana mashamba, mnaandika mlichokiona, na aliyepiga dawa anasemwa mbele yake. Tafuta wenzako wa kunde wanne watano kwanza. Ubuyu wa porini nao unahesabika ilimradi ijulikane umeokotwa wapi na mwenye eneo amekubali, maana mibuyu yetu watu wanadhani haina wenyewe mpaka siku unapanda na ngazi.

Na bei, mama. Usimpe huyo wa mgahawa bei ya Majengo ukafurahia oda. Hesabu vifuko, nauli, siku zako za kukausha, na ule mlenda unaosinyaa, kilo kumi mbichi zinakuwa kadogo tu, halafu ndo utaje bei.

*Mwanangu, nilinunua mbegu za alizeti dukani, gunia lina maandishi mazuri, nusu haikuota. Mwenye duka ananiambia ni mvua. Nifanye nini msimu huu? – Mzee wa Bahi*

Shikamoo baba. Kabla ya kununua angalia lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaokagua ubora wa mbegu, kwenye mfuko, ina namba ya siri ya kukwangua, mwambie mjukuu aihakiki kwa simu ukiwa bado uko dukani, na risiti chukua, bila risiti hata ukilalamika huna kitu mkononi. Halafu nyumbani usiamini hata lebo. Chukua mbegu mia, zikunje kwenye kitambaa kilicholowa, weka kivulini, kiwe na unyevunyevu siku saba, zihesabu. Zikiota chini ya themanini rudisha au ongeza mbegu kwenye shimo.

Kuna pia mbegu za daraja la kuazimiwa, zinazalishwa na wakulima wa kijijini wenyewe kwa usimamizi wa TOSCI, bei yake nafuu na mzalishaji unamjua nyumbani kwake. Mwulize bwana shamba wa kata nani anazo. Na ukipanda mtama kama Macia, mbegu yako mwenyewe unaweza kuitunza, chagua masuke mazuri shamba likiwa bado limesimama, usingoje mpaka uchukue mabaki kutoka kwenye kihenge. Chotara ndo hutakiwi kurudia, itakuangusha.

*Bibi nimevuna magunia sita ya mtama na mawili ya karanga, wadudu wananimalizia, sitaki kuweka dawa maana tunakula wenyewe. – Kongwa*

Mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu, nailoni mbili ndani na kiroba nje. Unajaza, unakamua hewa yote, unafunga nailoni moja moja kwa kukunja na kamba, wadudu wanakosa pumzi wanakufa wenyewe, dawa haihitajiki. Ukiitunza isitobolewe na panya msimu mwingine unaitumia.

Lakini nafaka iwe kavu kwelikweli kwanza, na karanga ndo zaidi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 hapa Dodoma na Manyara, chakula kilichoota kuvu kimeliwa nyumbani kama kawaida, na hiyo sumu kupika haiitoi. Usipige karanga maji ili zibanguke rahisi, ukaushe juu ya turubai au chanja, zilizosinyaa na zenye ukungu uzitupe, hata kuku usiwape. Kupima ukavu, chukua chupa kavu ya glasi, tia chumvi kavu na punje kidogo, funga, tikisa, iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Ikishuka yote chini, funga mfuko, na usiufungue kila wiki kuwaonyesha wageni.